Gari la kukodi ugenini: kabla hujabishana na wa kaunta, angalia kadi yako

Wadau, likizo zikikaribia inboksi yangu inajaa swali lilelile, eti bima wanayonibandikia pale kaunta nichukue au niache. Mimi jibu langu ni inategemea kadi ya benki uliyobeba, na hapo wengi wananishangaa ila subirini kwanza.

Ile bei uliyoona mtandaoni mara nyingi ina CDW (Collision Damage Waiver) ndani yake, watu wakiona hivyo wanajua ndo bima kubwa tayari, wapi! CDW ni kampuni inakuahidi kwamba gari likiumia haitakudai gharama yote, itaishia kwenye kiwango fulani, na hicho kiwango ndo ekses, na ekses ya gari la kukodi inaweza kuzidi hata hela uliyokodia gari lenyewe. Halafu soma vilivyoachwa nje: mara nyingi ni tairi, rimu, vioo, paa, chini ya gari, funguo kupotea, kuweka petroli kwenye gari la dizeli. Yaani vyote vinavyoharibika kirahisi! Iceland wanauza mpaka kinga ya mchanga na majivu, maana upepo wa kule unachubua gari rangi, na mlango ukibetuliwa na upepo mara nyingi huo ni msala wako mwenyewe.

Kuhusu ukimgonga mtu au gari la mtu, nchi za Umoja wa Ulaya bima hiyo ni lazima kisheria kwa hiyo gari unalokabidhiwa linayo. Marekani usijiachie, kila jimbo na sheria zake na unachopewa kinaweza kuwa kile cha chini kabisa, na bili za hospitali za kule mnazisikia. Cheki kama bei yako imeshaijumuisha, kama haimo mimi ile nyongeza ya bima ya kumgonga mtu nalipia kabla hata yule dada hajamaliza kunieleza.

Sasa kadi. Ukichukua gari wanazuia dipoziti kwenye kadi ya krediti, hawajaikata ila huigusi mpaka urudishe gari na siku kadhaa juu yake. Kadi ya debiti wengi wanaikataa au wanakulazimisha ununue bima yao, na jina la kwenye kadi liwe la dereva mwenyewe, habari za nimekuja na kadi ya mume wangu hawataki kuzisikia. Kuna bima ya ekses unanunua mwenyewe kabla ya safari kwenye kampuni nyingine kabisa, kwa kawaida ni rahisi kuliko ya kaunta na nyingi zinalipia hadi tairi na vioo, naipenda sana. Ila hiyo ni ya kurudishiwa, gari likikwaruzika wenye gari wanakukata wewe kwanza, ndo upeleke mkataba, ripoti ya uharibifu na risiti usubiri hela yako, na yule wa kaunta haitambui kabisa, dipoziti anazuia ileile. Kwa hiyo kadi yako ikiwa na limiti ya kutosha chukua hiyo, lakini kama limiti ni ya kuungaunga, kubali tu bima ya kaunta dipoziti ishuke uondoke na gari, kuliko kukwama eapoti na watoto na mabegi.

Wenye kadi zinazokuja na bima ya gari, masharti yake ya kawaida ni ulipie kukodi kwote kwa kadi hiyohiyo na uikatae CDW ya kaunta, ukiikubali tu ile ya kadi imekufa.

Na bima hizi kwa kawaida zinakufa pia akiendesha mtu ambaye hayupo kwenye mkataba, ndo yale ya shemeji hebu nishikie usukani kidogo nisinzie. Leseni isiyotambulika hivyohivyo, Japani kwa mfano kitabu cha leseni ya kimataifa wanachokubali ni cha mkataba wa Geneva wa 1949, ukienda na cha Vienna cha 1968 umebeba karatasi tu.

Video piga gari zima kabla hujawasha, rimu na paa usiruke, na geji ya mafuta ionekane. Kurudisha pia, na kama unaweza rudisha ofisi ikiwa wazi, maana ukidumbukiza funguo usiku mikataba mingi inasema gari bado ni lako mpaka walikague asubuhi, na kikitokea kitu hapo katikati utalipa wewe.