Themanini ya Nakuru na hamsini na sita ya M6

Nimefanya kazi kwenye magari yenye vidhibiti mwendo katika nchi mbili, Kenya na Uingereza, na kila nikisoma watu wa nyumbani wakibishana kuhusu spidi gavana naona jambo moja linaachwa nje: dereva analipwaje. Kifaa ni kilekile. Ukifika mwendo fulani, kinabana mafuta. Nyumbani tulikizunguka, huku sijaona anayehangaika nacho.

Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, nilikuwa makanga kwenye Nissan ya Nairobi kwenda Nakuru. Marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, alitaka kila matatu iwe na mikanda, mstari wa manjano ubavuni, abiria wasiozidi 14, na kidhibiti cha kilomita 80 kwa saa. Siku za kwanza magari mengi yalikuwa hayajatimiza masharti, na watu walitembea kwenda kazini. Mimi niliziunga mkono sheria zile na mpaka leo naziunga. Nilikuwa nimeshaning'inia mlangoni mara nyingi tukiteremka Kinungi kuelekea Naivasha, gari limejaa hadi watu wamepinda shingo, na dereva hagusi breki.

Lakini haukupita muda mrefu mafundi wakajua dawa yake. Kidhibiti kilikuwa kinasoma mwendo kwa waya wa sensa. Fundi anaukata ule waya, anaupitisha kwenye swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, mahali mkono wa dereva unapofika bila yeye kuinama. Mkikaribia kizuizi cha polisi, swichi inawashwa na gari linakuwa na adabu. Mkipita, inazimwa. Stejini kila mtu alijua, hata abiria wa kila siku walijua.

Watu walisema madereva wa matatu ni wakora tu. Mimi nilikuwa nahesabu pesa ndani ya lile gari, najua ilivyokuwa. Mwenye gari alitaka hesabu yake jioni, kiasi kilekile, iwe barabara imefunguka au imefungwa. Ukitoa hiyo, ukatoa mafuta, ukatoa za stejini, kilichobaki ndicho mshahara wetu wawili. Na kilichobaki kilitoka kwenye raundi moja ya ziada. Ukienda na themanini yako kwa uaminifu, unafika Nakuru foleni ya stejini ni ndefu, giza linaingia kabla hujajaza, na ile raundi imekwenda. Serikali iliweka kidhibiti kwenye injini. Kilichokuwa kinamsukuma dereva kilibaki palepale.

Huku nalipwa kwa saa. Lori langu limefungwa lisivuke maili 56 kwa saa, ndizo kilomita 90. Sheria ya motorwei, zile barabara kuu za njia nyingi kama M6 ninayopita, inaruhusu malori makubwa maili 60, kwa hiyo kifaa kinatushikilia chini hata ya sheria. Ipo takografu, kifaa kinachorekodi mwendo na saa za usukani, na adhabu za kuichezea ni kali. Lakini naamini hata adhabu zingepungua, wengi wetu tusingetafuta swichi. Nikichelewa Glasgow kwa nusu saa nalipwa nusu saa. Baada ya saa nne na nusu za usukani lazima nipumzike dakika 45, hata kama mteja anapiga kelele.

Si kwamba kidhibiti hakina kero zake. Mnaoendesha magari madogo mnakasirika mkiona lori likilipita lingine polepole na kufunga njia mbili. Hesabu yake ni hii. Vidhibiti havilingani kabisa, na hata kuchakaa kwa matairi kunaleta tofauti, kwa hiyo mwenzangu anaweza kwenda kilomita 89 nami 90. Lori la trela lina urefu wa mita 16 na nusu. Ukijumlisha malori mawili na nafasi ya kutoka na kurudi, nahitaji kumpita kwa kama mita 80. Kwa tofauti ya kilomita moja kwa saa, hiyo ni karibu dakika tano, na katika dakika tano tumeshakula kilomita saba za barabara. Njia ya tatu haturuhusiwi kuingia. Mzee aliyenifunza kazi hii alinionyesha dawa: anayepitwa ndiye anayemaliza jambo. Toa mguu kidogo, mwenzako apite, mpe taa arudi. Wanaofanya hivyo siku hizi wanapungua.

Tena kidhibiti hakijui mteremko. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Kinakata mafuta tu, hakishiki breki. Nikivuka kilele cha Shap kule Cumbria, zaidi ya mita 300 juu ya bahari, na mzigo umefikisha tani 44 pamoja na gari, uzito wenyewe unalisukuma lori kupita 56 na injini haina habari. Kinachonishika ni ritada, ile breki ya ziada isiyotumia pedi za magurudumu. Nikiwa pale huwa nawaza Salgaa, ule mteremko wa ajali nyingi karibu na Nakuru. Wale madereva waliokuwa wakitoa gia na kuachia lori liteleze ili kubana mafuta, kidhibiti kingewasaidia nini? Mafuta yenyewe walikuwa hawayatumii.

Kruzi yenye rada ni kitu kingine kabisa, na hii nimeipenda. Unapanga mwendo, unapanga nafasi ya mbele kwa vistari kwenye skrini, na lori linajipunguza lenyewe ukimkaribia wa mbele. Mvua ya M6 karibu na Lancaster si ya kusimulia. Matairi ya lori la mbele yanarusha maji kama moshi mweupe, taa zake zinaonekana, zinapotea, zinaonekana. Katika hali hiyo nimewahi kusikia lori linapoteza kasi kabla macho yangu hayajaona chochote. Sekunde mbili baadaye zikatokea taa nyekundu za foleni iliyokuwa inajikokota. Mguu wangu ungefika kwenye breki, lakini ungechelewa.

Lakini ina tabia zake, na lazima uzijue. Kwa kilomita 90, sekunde mbili ni mita 50, na kwa dereva wa gari dogo mita 50 ni nafasi ya kuingia. Mtu anatoka njia ya tatu kukimbilia njia ya kutokea, anakatiza mbele yako, rada inamwona karibu mno, lori linafunga breki na wa nyuma yako anashtuka. Kwa hiyo nikiona vile vibao vya vistari vitatu, viwili, kimoja vinavyohesabu umbali wa kutoka, naizima na kushika mwendo kwa mguu. Theluji ikiganda kwenye bampa, rada inakuwa kipofu na inakwambia. Tope nalipangusa kila nikisimama. Na kuna lile la kumfuata mtu wa maili 52 kwa muda mrefu bila kujua, kwa sababu lori limejirekebisha kimya kimya na miguu haina kazi. Miguu ikikosa kazi usiku, usingizi unakuja haraka.

Binamu yangu anaendesha basi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa, na ameniambia wanaletewa mabasi yenye kruzi ya aina hii. Wenzake wanasema ni gavana nyingine tu. Nimemwambia si hivyo, akubali ajifunze, lakini asisahau barabara yake ilivyo. Rada inamfuata vizuri aliye kwenye mwendo. Lori lililokufa gizani kati ya Mtito Andei na Voi, halina taa, limewekewa matawi ya miti tu barabarani kama onyo, ni habari nyingine: mifumo mingi ya kruzi hupuuza kitu ambacho imekikuta kimesimama, au hukitambua umeshachelewa. Ng'ombe na watu wa miguu asiitegemee kabisa.

Halafu nikamwambia aulize ofisini mambo matatu kabla hawajakabidhiwa funguo. Hayo mabasi yana ritada? Dereva atafunzwa barabarani au ataonyeshwa vitufe akiwa yadi? Na saa ya kufika Mombasa imepangwa na nani, na akiichelewa anakatwa? Kama anakatwa, najua watakachofanya: nafasi ya mbele itawekwa kistari kimoja, na wakifika nyuma ya foleni ya malori kruzi itazimwa.