Mbegu za viazi barazani kwangu

Baridi ya Njombe ikikaza mwezi wa saba, barazani kwangu hapakaliki. Benchi lote limeshikwa na trei za mayai, na kila shimo lina kiazi cha mbegu kimoja, kimekaa wima, kichwa chenye macho mengi kikiwa juu.

Mwaka wa kwanza niliacha mbegu stoo, ndani ya kiroba. Zikaota kweli, machipukizi meupe na marefu kama tambi, yamesukana humohumo gizani. Kuzitoa tu, yakakatika karibu yote. Nikapanda hivyo hivyo, shamba likaota mapengo mapengo. Iliniuma sana.

Mama mkwe ndiye aliyenielekeza. "Mwanangu, mbegu iweke inapoona mwanga, ila jua lisiipige." Basi. Kiazi kinageuka kijani (hicho hakiliwi tena, kina sumu, na wanangu wanajua), na kila jicho linatoa chipukizi fupi, nene, la zambarau iliyochanganyika na kijani. Ukilitazama kwa karibu utaona vinundu vidogo pale shinani. Mizizi itatokea hapo. Likifika sentimita moja au mbili, mbegu iko tayari.

Mbegu iliyotoka kuvunwa usiiharakishe, hulala miezi miwili hata mitatu. Ikitoa chipukizi moja tu kichwani, nalivunja kwa kidole, na siku chache baadaye mengine yanaamka pembeni. Kukata mbegu vipande sitaki kabisa. Kisu kikipita kwenye kiazi chenye ugonjwa wa mnyauko, kinausambaza kwa vingine vyote, na udongo ukishaupata, utateseka nao misimu na misimu.

Mwezi wa nane, sakitu (umande ulioganda kwa baridi) ikishapungua, tunashuka bondeni kwenye vinyungu, vishamba vyenye udongo ambao haukauki hata mvua ikiwa mbali. Trei nazibeba mwenyewe, polepole, maana chipukizi likivunjika njiani ni wiki nzima imepotea. Tuta hadi tuta sentimita 75, mbegu hadi mbegu 30, kina kama 10. Mwezi wa kumi na moja, wenzetu wa mlimani wakisubiri mvua ili wapande, sisi tunachimba vya kuchemsha na maganda yake.

Leo asubuhi nimezihesabu. Trei sita, mbegu 180, saba bado zimelala. Nimezisogeza ukingoni mwa baraza, kwenye mwanga zaidi.