Hivi ni vipi, mwalimu?

Mwezi wa nne sasa nawafundisha sarakasi watoto wasioona, na neno linalonitesa ni lile lile: hivi. Siku ya kwanza niliwapanga kwenye mkeka, nikakunja goti, nikanyoosha mikono, nikasema, "Haya, fanyeni hivi." Kimya. Kisha binti mmoja wa darasa la nne akauliza kwa upole kabisa, "Hivi ni vipi, mwalimu?"

Mimi sarakasi niliipata kwa macho. Mwalimu anaruka, unamtazama, unaruka. Usiku ule sikulala mapema. Kusimama kwa mikono nakuweza tangu utotoni, lakini uzito unapita wapi? Ni kiganja au ni vidole vinavyozuia usipinduke? Ni vidole. Sikuwahi kulisema hilo kwa mdomo.

Sasa nikionyesha mkao, mikono yao ndiyo inayokuja juu ya yangu, wakapapasa kiwiko, goti, mgongo. Mimi siwavuti. Kumkamata mtoto asiyeona na kumgeuza bila kumwambia ni kumnyang'anya mwili wake, na wengi wao wameshavutwa vya kutosha barabarani. Naomba ruhusa kila mara.

Pembeni mwa mkeka nimebandika uzi chini ya utepe. Wazo ni la goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Mpira wake una kengele ndani, na mistari ya uwanja husomwa kwa mguu au kiganja. Kabla ya uzi huo nilimwambia mtoto "sogea hapa", akajigonga kwenye nguzo. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Watatu kati yao wana ualbino na uoni hafifu. Kwa ajili yao tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chini ya mwembe, kofia kichwani na mikono mirefu, kwa sababu jua likishapanda linawaumiza macho na ngozi. Sahani zao za sarakasi nimezipaka rangi ya njano. Sahani nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kwao haipo.

Na ni sahani ninayotaka kuiandika leo. Kuizungusha juu ya kijiti, kifundo cha mkono huchora duara dogo, ncha ikikimbia ukingoni, mpaka sahani ishike kasi na ncha iingie katikati. Siku zote niliamini kazi hiyo ni ya macho. Yule binti ana fimbo nyeupe. Miaka yote ncha yake imempa habari za kokoto, mchanga na ngazi. Leo amesimama na kijiti, sahani inazunguka, akasema, "Inachoka." Nikaitazama, nikaiona imetulia kabisa. Punde ikaanza kuyumba, naye alikwisha kuiongezea kasi.

Nilimwuliza amejuaje. "Kijiti kinatetemeka, mwalimu. Kwanza kidogo kidogo, halafu kwa nguvu."

Jioni nimejaribu nyumbani. Nimezungusha sahani zaidi ya ishirini, nikisubiri mtetemo huo. Nimeupata mara mbili tu.

Kesho kabla ya mazoezi nipite sokoni kununua uzi mnene na utepe. Wa mwanzo umeshachanika kwa nyayo zao.