Kumbukumbu ya riwaya yangu: Nyemo na kondoo mweusi

Mwezi huu kurasa hazikuongezeka sana. Muda mwingi umeishia kwenye tukio moja la sura ya nne, na sijuti, maana hapo ndipo Nyemo ameanza kuwa mtu.

Kwa mgeni: riwaya iko mwaka 1974, ukame umekaza, kijiji kimoja nje ya mji wa Dodoma. Nyemo anaongoza akina mama kanisani. Mdogo wake wa kiume anakuja kudai kondoo mweusi wa tambiko la mvua. Rasimu za awali zilimjibu kwa sala ndefu na mistari ya Biblia. Nimezifuta zote. Mhusika akisali ukurasa mzima, msomaji anaruka. Mimi mwenyewe huruka.

Sasa liko hivi. Nyemo anapepeta uwele. "Dada, ukoo mzima umeshatoa." Ungo hausimami, makapi yanamwangukia mgeni miguuni naye hasogei. "Kondoo sitoi," anasema Nyemo. Halafu, kabla hajajibiwa: "Huko mnakokwenda mtakula nini?" Anaingia ndani, anampimia unga kutoka kwenye debe ambalo kata imeshaanza kukwaruza chini.

Kwa nini unga? Kwa sababu nimemzaa Nyemo katika Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na baadaye Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua nayo ikagoma. Mama yake alimlea na amri moja isiyo ya kanisani: mtu asitoke kwako na njaa. Tena safari ni ndefu. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, imewaleta kijijini; makaburi ya wazee, tambiko linakofanyika, yamebaki kwenye mahame, mwendo wa kutwa.

Je, amechangia tambiko au amemlisha ndugu yake? Hajui, na jibu siandiki. Ninachoandika ni Jumapili inayofuata: anakaa benchi la nyuma, na wenzake wanapokwenda Meza ya Bwana, yeye anaifunga upya mbeleko ya mjukuu ambayo wala haikuwa imelegea. Rafiki aliyesoma anataka niweke hapo mawazo yake, walau sentensi mbili. Nimekataa.

Kwenye daftari kila mhusika ana mistari miwili: anachoomba mbele za watu, na asichothubutu kuomba hata akiwa peke yake. Mstari wa pili ndio unaonipa matukio. Wa Nyemo umejaa. Wa mchungaji bado mtupu, ndiyo maana anaongea kama tangazo. Mdogo mtu nimemfanya amebatizwa, anaimba besi kwaya ileile ya kanisa la dada yake, na haoni shida yoyote. Wazee wa namna hiyo tunao wengi. Ningemfanya mpagani wa vichekesho, Nyemo angeshinda bure.

Kinachofuata ni sura ya tano, na swali ni mvua. Ikinyesha baada ya tambiko, riwaya imemhukumu Nyemo. Ikinyesha baada ya ibada, imemhukumu mdogo wake. Kwa sasa naelekea kuinyeshea kijiji cha jirani, jambo ambalo aliyewahi kulima huku hataliona geni.