Mwaka Ndege Yetu Ilipokaa Bila Injini

Mwanzoni mwa mwaka 2022 watalii walianza kurudi Arusha. Korona ilikuwa imetuacha hoi: hoteli zimefungwa, madereva wa safari wameuza magari, na sisi wa ndege ndogo tulikuwa tukilipa maegesho, bima na mishahara bila kubeba abiria. Kwa hiyo simu za mawakala zilipoanza tena kulia, wakiulizia nafasi za Seronera na Kogatende, viwanja vya ndege vya ndani ya Serengeti, ofisini kwetu watu walikumbatiana. Mimi nilikuwa natunza stoo ya vipuri na kuandika oda za ununuzi. Ndege tulikuwa nayo moja tu, Cessna 206, rubani na abiria watano, imara kwenye viwanja vya vumbi na nyasi.

Injini yake ina silinda sita, tatu kila upande, na mtengenezaji ameiwekea kikomo cha saa 1,700 za kuruka au miaka 12, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Ikifika hapo inafunguliwa yote na kujengwa upya. Mafundi wanaita ovaholi. Yetu ilikuwa imebakiza saa chache, na bosi alikuwa na mpango wake: ishushwe Aprili, wakati masika yanaharibu viwanja vya porini na wageni ni wachache, irudi Juni, ili Julai tuwahi nyumbu wakivuka Mto Mara. Ulikuwa mpango mzuri. Hata leo sioni mwingine ambao ungefaa zaidi.

Injini haikungoja Aprili. Mwezi Machi, katika ukaguzi wa kawaida, fundi mkuu alikata filta ya oili. Huyu mzee alianza kushika spana akiwa kijana mwanafunzi wa East African Airways, kabla shirika hilo halijafa mwaka 1977, na sijaona mtu mwenye mikono mitulivu kama yake. Kopo la filta hakulikata kwa msumeno, maana msumeno unaacha vumbi la chuma na hutajua tena lipi ni la injini na lipi la msumeno. Alitumia kikatio chake maalumu, akaikunjua karatasi ya ndani, akaisuuza kwenye beseni jeupe, kisha akapitisha sumaku taratibu.

"Njoo uone, mwanangu."

Ncha ya sumaku ilikuwa imeota nywele nyembamba za chuma, zinang'aa. Akanieleza kwamba pistoni ni ya alumini, haishikwi na sumaku, kwa hiyo hiki kilichonasa kinatoka kwenye ringi za pistoni, au kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, au gia. Baadaye aliingiza hewa ya shinikizo la paundi 80 katika kila silinda, akasikiliza inavujia wapi. Ikipiga mluzi kwenye ekzosi, kasoro ni valvu ya kutolea moshi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Silinda ya tano ilisoma chini ya 50 kati ya zile 80, na mvumo ulitoka kwenye mdomo wa oili waziwazi, hata mimi niliusikia.

Ndege ilikuwa imelala sana mwaka 2020. Watu wengi hawajui kwamba injini hizi huumia zaidi zikikaa kuliko zikiruka: oili inachuruzika chini, unyevu unabaki kwenye kuta za silinda, kutu inaanza, na siku ikiwashwa kutu ile inageuka msasa.

Bosi wetu ni mama aliyeachiwa kampuni na marehemu mumewe. Alikuja hanga, akatazama ile sumaku. "Hatuwezi kubadilisha silinda hiyo moja tu, mzee?"

"Kubadilisha tunaweza, mama. Lakini chuma hiki kimetoka mahali, na mahali penyewe hatujapajua."

Profoma ya karakana ya Nairobi, pale Uwanja wa Wilson, ilisema dola 42,000 na wiki nane hadi kumi. Chini yake, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba bei hiyo ni ya injini ambayo krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na kasha lake vitapita vipimo. Akiba ya injini hatukuwa nayo. Kabla ya korona tulikuwa tukitenga dola 15 kwa kila saa ya kuruka, na fedha hizo ndizo mama alizotumia kulipa mishahara mwaka 2020, wakati hakuna aliyempigia simu. Ada ya mwanangu ililipwa humo. Ndiyo maana nikisikia mtu anamlaumu kwa kutokuwa na akiba, nakasirika kweli. Aliweka nyumba yake dhamana, benki ikatoa mkopo, injini ikafungwa kwenye sanduku la mbao na kuvuka Namanga kwa lori.

Mwezi Mei tukaitwa Nairobi, mzee na mimi. Walituingiza katika chumba chenye mapazia meusi. Krankshafti yetu ilikuwa imelazwa mezani, imesafishwa, imetiwa sumaku na kumwagiwa kimiminika chenye chembechembe za chuma zinazong'aa chini ya taa ya zambarau. Pale palipo na ufa, sumaku inavuta chembe zijikusanye. Fundi wa pale alizima taa ya kawaida, akaigeuza ile shafti kidogo, na kwenye kona ambapo shingo ya shafti, ile sehemu ya mviringo, inakutana na shavu lake bapa tukaona mstari wa kijani, mfupi kuliko ukucha wangu. Akawasha taa ya kawaida: chuma safi, kinameremeta, hakuna kitu. Mzee alipitisha ukucha mahali palepale, haukukwama.

"Ashukuriwe Mungu imeonekana hapa," alisema, wala hakuongeza neno mpaka tulipofika kwenye basi.

Ufa wa krankshafti hauzibwi. Inatupwa, unanunua nyingine, na nyingine ilikuwa zaidi ya dola 10,000, kutoka Marekani. Silinda nazo zilitakiwa mpya, zote sita. Hapo ndipo kalenda yetu ilipokufa. Baada ya korona kila mwenye ndege duniani alitaka silinda kwa wakati mmoja, na viwanda vilikuwa havina mafundi wa kutosha wala vyuma vya kusubu. Kila barua pepe niliyofungua ilikuja na tarehe mpya. Kwanza Julai. Halafu Septemba. Halafu "kabla ya mwisho wa mwaka", bila siku wala mwezi. Magneto, vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za injini, zilikamilika mapema zikakaa rafuni kusubiri. Propela ilikwenda kwenye ovaholi yake, ikarudi, ikasubiri pia.

Hangani ndege ilikaa na tundu puani. 206 ikiondolewa injini inakalia mkia, kwa hiyo tuliiwekea stendi kwa nyuma. Nyumbu walivuka Mto Mara bila sisi. Wageni waliokwisha kulipa tuliwatafutia ndege za majirani, kwa bei ya majirani, na kila safari ya namna hiyo ilitutia hasara. Rubani wetu alivumilia hadi Agosti, akapata kazi Zanzibar. Hakuna aliyemlaumu, ana watoto.

Mwezi huohuo dalali mmoja alileta habari ya krankshafti iliyotumika, ipo tayari, nusu bei. Nikamwomba historia yake na Fomu 8130-3, ile hati inayothibitisha kwamba kipuri kimekaguliwa na aliyeidhinishwa. Akasema hati zitafuata. Mama alikuja stoo mwenyewe, akakaa juu ya sanduku la vipuri, uso umemwisha kwa mawazo ya benki.

"Mzee, tukiichukua tunapata angalau Oktoba na Desemba."

"Ukiinunua nitaipokea, mama. Lakini sitasaini."

Akanigeukia mimi. Nikamweleza ule mstari wa kijani, ulikuwa urefu gani, na kwamba taa ilipowashwa ulipotea kabisa machoni petu sote. Nikamwambia kwamba hii ya dalali hatujui ilitoka kwenye ndege gani wala kwa nini ilitolewa. Alinyamaza muda mrefu.

"Basi tungoje."

Tukangoja. Injini ilirudi mwanzoni mwa mwaka 2023, sanduku lilelile la mbao. Kuifunga, kuunganisha mabomba mapya na kupima vilipita haraka kuliko nilivyotarajia. Rubani mpya alitaka kuibembeleza siku za kwanza, mzee akamkatalia: ringi mpya zinatakiwa zishike kwenye kuta za silinda kwa shinikizo kubwa, na ukiruka polepole oili inaungua kwenye kuta, ringi hazishiki tena. Kwa hiyo ilijazwa oili ya madini isiyo na viongeza, ikazungushwa juu ya Kisongo na Monduli kwa nguvu kubwa, sisi tukiwa chini tumekodoa macho angani. Iliposhuka joto la silinda lilikuwa limetulia, na fundi mkuu akavua kofia.

Hesabu zote zilipofungwa, pamoja na propela na usafirishaji, zilifika dola 68,000. Ndege za kukodi na riba ya benki sikuzijumlisha humo, mama aliniambia niziandike ukurasa mwingine. Akaandika ubaoni 68,000, akagawanya kwa 1,700, ikatoka 40. Kila saa ya kuruka, dola 40 ziende kwenye akaunti ya peke yake, na zisitolewe bila saini mbili: yake na ya fundi mkuu.

Mzee alikataa, akisema yeye ni mtu wa spana, hajawahi kuwa mtu wa benki.

"Ulikataa kusaini ile krankshafti," mama akamwambia. "Ndiyo sababu saini yako naitaka hapa."

Tulikwenda benki wote watatu siku iliyofuata.