Mlima, mchanga na taa ya T-BELT

Ukimwambia mtu unasafiri na Land Cruiser ya toleo la 80 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, anayelijua gari atakuuliza umebeba dizeli kiasi gani. Asiyelijua atakuuliza mbona hukuchukua gari la kisasa. Shemeji yangu alikuwa wa kundi la pili, na maswali yake yalianza hata hatujaimaliza lami.

Lami yenyewe haina la kusimulia. Gari lina tani mbili na ushee kabla hujapakia chochote, limekaa juu ya springi za koili na ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hiyo kwenye kona bodi inalala kwanza, magurudumu yanafuata baadaye. Shemeji alikamata mshikio wa juu ya dirisha na hakuuachia mpaka tulipoingia barabara ya vumbi. Huko akatulia, maana mashimo ambayo gari dogo lingeyazunguka, hili linayameza tu.

Mlimani ndiko tulikoanza kubishana. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa), nguvu yake kama farasi 130. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyembamba. Sisi tulikuwa tunakaribia mita 3,000. Gia ya tatu ikakataa, ya pili ikakubali kwa shingo upande, moshi mweusi nyuma, na lori la mizigo likatupita. Lori! Shemeji akaniangalia. Nikamwambia gari hili halishindani na mtu. Ukilikanyaga zaidi unaongeza moshi tu, mwendo ni uleule.

Karibu na kilele namba za kilomita zikajipanga kuwa 300,000, na papo hapo taa ikawaka kwenye dashibodi: T-BELT.

“Shem, zima gari! Zima!”

Hofu yake ilikuwa na msingi. T-BELT ni mkanda wa taiming, unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio; wa injini hii ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unafungua injini nzima. Lakini taa ile haiuoni mkanda wala haiupimi. Inahesabu kilomita tu: kila zikitimia 100,000 inawaka, mkanda uwe umechakaa au umefungwa jana. Wangu ulibadilishwa mapema, kwenye 285,000, wakati wa kutengeneza pampu ya maji, na fundi hakugusa hesabu ya taa. Nilisimama, nikafungua boneti, nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kava la mkanda, wino umefifia lakini namba inasomeka. Akaisoma mara mbili, kisha akaishika na kidole kana kwamba ingeweza kubanduka na kutuacha pale. Tuliendelea na taa ikiwaka. Binafsi napenda taa ya namna hii, inayosema jambo moja na kunyamaza, kuliko magari yanayopiga kelele kwa sababu umeweka begi kwenye kiti.

Kushuka upande wa pili nilitia ule mkono mdogo wa gia kwenye L, yaani gia nzito za mwendo wa polepole, gia ya pili, mguu mbali na breki. Uzito huu ukiushusha kwa breki peke yake, breki zinapata moto na kuacha kushika. Injini ikatushikilia mteremko wote kwa sauti ya kukoroma.

Chini kulikuwa na mto, maji ya magotini, na shemeji, ambaye sasa alikuwa amechangamka, akataka tuzame moja kwa moja. Nikakataa. Difu, yale makasha ya gia kwenye ekseli, zikiwa na moto ukazitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, hasa kama kipumulio, tundu lake la kupitisha hewa, kimeziba. Utajua siku ukifungua oili ukaikuta ina rangi ya maziwa. Basi tukashusha nusu ya chini ya mlango wa nyuma, tukaikalia kama benchi mpaka ekseli zikapoa. Mlango ule wa vipande viwili peke yake unatosha kunifanya nisiuze gari hili.

Mchanga ulikuja mwisho. Tulitoa upepo matairi yote, kutoka PSI 36 hadi 18, tairi likakaa chini na kutanuka. Nikampa shemeji usukani na masharti mawili: usikanyage breki, liache lisimame lenyewe, na usikate kona kwa ghafla. Kwenye L difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inajifunga yenyewe, hivyo usukani ukawa mzito, na akalalamika kwamba gari linabishana naye. Lilibishana kweli, lakini halikuzama.

Tulipofika kwenye udongo mgumu tukajaza upepo, akarudisha mkono mdogo kwenye H, gia za kawaida, na taa ya difu ikabaki inawaka. Safari hii hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Hii nayo inahesabu kilomita?” Nikamwambia hapana, hii ni meno ya gia yamebanana kwa mkazo, lirudishe nyuma kidogo. Akarudi mita mbili, taa ikazimika, akaingiza gia ya kwanza na kugoma kabisa kunirudishia usukani.