Zana za pamoja hufa siku ya kurudishwa

Katika nyumba nyingi ngazi ndefu hutumika siku chache tu kwa mwaka. Zilizobaki inaegemea ukuta na kupigwa jua. Drili ni hivyo hivyo, na toroli, na mashine ya kukatia nyasi. Ndiyo maana majirani wakianza kuongea, iwe uani au kwenye simu, haupiti muda kabla mmoja hajauliza, "Jamani, nani ana ngazi?" Swali hilo ni zuri kuliko linavyosikika. Likijibiwa vizuri mara kadhaa, nyumba sita au kumi zinaweza kuwa na zana za pamoja zinazozidi ubora wa zile ambazo kila nyumba ingenunua peke yake. Wala si ndoto: maktaba ya umma ya Berkeley, California, imekuwa ikiazimisha zana tangu 1979.

Ila maktaba ina wafanyakazi wa kupokea na kukagua, majirani hawana. Hapo ndipo utaratibu huvunjika. Zana ya pamoja mara nyingi haifi ikiwa kazini. Hufa siku ya kurudishwa: imerudi na udongo, imerudi na petroli ndani ya tangi, imerudi na ufa ambao hakuna aliyeutaja, ikawekwa pembeni kimya kimya. Atakayekuja kuichukua wiki mbili baadaye ndiye atakayekutana na uharibifu, na ndiye atakayelaumiwa.

Kwa hiyo anza na namna ya kuomba. "Nani ana drili?" haimpi mtu cha kujibu. Sema kazi, kipimo, siku na saa ya kurudisha: "Naomba drili Jumamosi asubuhi, natoboa matundu manane ya milimita 8 kwenye nguzo ya zege, narudisha kabla ya saa kumi jioni." Kutaja kazi ndiko kwenye faida kubwa, kwa sababu mwenye uzoefu atakuzuia mapema: "Kwa zege chukua ile kubwa ya kugonga, hii ndogo utaiunguza." Ujumbe mmoja wa namna hiyo huokoa mota.

Kisha makabidhiano. Zana itoke mkononi na irudi mkononi, isiachwe mlangoni. Piga picha mbili, moja ikitoka na moja ikirudi, lakini usipige zana nzima; picha ya toroli zima haithibitishi chochote. Piga sehemu zinazoharibika: mpini pale unapoingia kwenye chuma, waya wa umeme pale unapoingia kwenye mashine, miguu ya ngazi, ubavu wa tairi. Mtu mmoja atunze daftari lenye safu nne: zana, nani anayo, imetoka lini, imerudi na hali gani. Safu hiyo ya mwisho isiachwe wazi hata kama ni neno moja, "nzima". Na anayesema kwamba kitu kimelegea au kimeanza kutoa moshi ashukuriwe, asitozwe papo hapo. Watu wakiona kusema kunagharimu, wataficha.

Sasa mashine ya petroli, ambayo nadhani ndiyo huharibiwa kwa urahisi kuliko zote, tena na watu wenye nia njema. Mashine nyingi za kukatia nyasi zinazobebwa begani hazina sehemu ya kuweka oili. Oili huchanganywa ndani ya petroli yenyewe. Uwiano umeandikwa kwenye kitabu chake na mara nyingi karibu na kifuniko cha tangi. Ikiwa ni 50:1, weka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Ikiwa ni 25:1, mililita 40. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini hizo, si ya gari. Jirani akitaka kuonyesha shukrani akajaza petroli tupu, injini itawaka kama kawaida, itafanya kazi kwa muda mfupi, kisha pistoni itakwaruza silinda na kukwama. Matengenezo yake yanakaribia bei ya mashine mpya. Kosa la upande wa pili si zito hivyo: mashine za kusukuma zenye magurudumu aghalabu zina oili yake pembeni, na ukizijazia mchanganyiko zitatoa moshi na kuchafua plagi, basi.

Dawa yake ni kuondoa nafasi ya kukisia. Andika kwa rangi isiyofutika kando ya kifuniko: MCHANGANYIKO 50:1, au PETROLI TUPU. Dumu la mafuta liende pamoja na mashine, nalo liwe na maandishi yale yale na tarehe ya kuchanganywa. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kupoteza ubora, na ikikauka ndani ya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, huacha utando unaoziba vitundu vyake vyembamba. Mashine "iliyogoma ghafla" baada ya kukaa miezi mitatu kwa kawaida imegomeshwa na mafuta ya aliyeitumia mwisho. Anayerudisha amwage mafuta yaliyobaki kurudi kwenye dumu injini ikiwa imepoa, awashe, aiache izime yenyewe. Dakika tano tu. Kisha asugue nyasi kwenye kinga ya kisu kabla hazijakauka, maana zikikauka hushika kama gundi na kutunza unyevu juu ya chuma.

Ngazi ni jambo la uhai wa mtu. Ngazi ya kuegemeza hupimwa nne kwa moja: ikigusa ukuta kwenye urefu wa mita 4, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Kama huna futi kamba, simama vidole vyako vikigusa miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio bila wewe kuinama, mwinamo ni sahihi. Ukitaka kuvuka kuingia juu ya paa, ngazi ipite ukingo kwa mita 1 ili uwe na pa kushika. Ngazi ya alumini haikaribii nyaya za umeme, hata kama mtu anasema umeme umekatika.

Ikirudi, ilaze chini mahali tambarare. Mguu mmoja ukining'inia, imepinda. Gonga kila kipandio kwa mkono na usikilize kinachocheza. Tazama raba za miguuni. Zikiisha, ngazi itateleza kwenye sakafu laini hata ikiwa na mwinamo mzuri. Ngazi ya mbao isipakwe rangi kamwe, kwa kuwa rangi huficha nyufa. Vanishi isiyo na rangi inatosha. Na ngazi yenye kasoro isirudi stoo "mpaka tutengeneze". Funga kamba nyekundu kwenye vipandio viwili vya chini siku hiyo hiyo, mtu asiweze kuikanyaga.

Toroli ni rahisi zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hufanya mzigo uwe mzito maradufu na hupasuka ubavuni, basi lijazwe upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Aliyebeba zege aoshe beseni mara tu anapomaliza, pamoja na chini na kwenye ekseli. Saruji ikishagandia itabidi ipigwe nyundo, na nyundo ndiyo inayobonyeza bati na kung'oa rangi, kisha kutu inaingia. Toroli lihifadhiwe limesimamishwa wima, maji ya mvua yasikae ndani.

Majembe, sepetu na mapanga yanataka mambo matatu, kwa mpangilio huu: kuoshwa, kukaushwa, kupakwa mafuta kidogo ya mashine kwa kitambaa. Ukiruka la katikati, mafuta yanafungia maji juu ya chuma. Ukinoa, bana chuma kwenye jiliwa, sukuma tupa mbele, kisha inyanyue unapoirudisha nyuma. Meno ya tupa hukata kuelekea mbele tu, na kuyaburuta nyuma huyafanya butu mapema. Fuata mwinamo uliokuwepo. Jembe linolewe upande mmoja, na pembe isiwe kali mno, kwani likiwa jembamba kama kisu litapinda kwenye jiwe la kwanza.

Mpini unaocheza una historia yake. Wengi huloweka kichwa cha zana kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mbao huvimba na asubuhi zana inashika, lakini ndani ya tundu la chuma nyuzi za mti zimebanwa zikavunjika. Zikikauka, mpini utalegea kuliko mwanzo. Hiyo ni hatari kwa shoka na nyundo, ambazo kichwa chake huweza kuruka. Gonga kabari mpya, au badilisha mpini. Kuzuia ukavu, paka mafuta ya kitani (linseed) mara moja au mbili kwa mwaka na ufute yanayobaki juu. Hapa naomba usikilize kila neno: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, vikikunjwa na kurundikwa, hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitumbukize kwenye maji.

Kwenye umeme, hatari haiko kwenye drili pekee, iko pia kwenye waya wa kurefushia. Waya uliozungushwa kwenye kibiringo chake hushindwa kutoa joto, na ukibebeshwa mashine kubwa plastiki yake huyeyuka. Ufungue wote hata kama unahitaji mita 3. Gawanya wati za mashine kwa volti kupata ampea: mashine ya wati 2000 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 9. Waya mwembamba na mrefu hupunguza volti, mota inahangaika na kuungua huku mtu akidhani drili ilikuwa mbovu. Kwa zana za pamoja nunueni waya wenye nyaya za milimita za mraba 1.5 au zaidi. Betri za lithiamu nazo zisirudishwe zikiwa tupu. Zikikaa hivyo kwa miezi, chaja inaweza kuzikataa kabisa. Zikikaa muda mrefu, ziwe na chaji ya karibu nusu, mahali pakavu pasipo joto.

Nani alipe kikiharibika? Kanuni inayosimama ni kwamba kilichochakaa ni cha wote, kilichotumiwa vibaya ni cha aliyekitumia, na tofauti yake mara nyingi inaonekana kwa macho. Biti ya chuma iliyogeuka bluu kwenye ncha iliendeshwa kasi mno bila kupozwa. Mpini uliopondeka chini kidogo ya kichwa uligongeshwa kwenye kitu baada ya pigo kupita lengo. Mpini uliopasuka kwa urefu kufuata nyuzi ulikauka au ulichongwa vibaya tangu mwanzo, na huo haumhusu aliyeazima. Bisibisi yenye ncha iliyopinda ilitumika kama mtaimbo. Msasa, misumari, biti ndogo na diski za kukatia visiingie kwenye mali ya pamoja. Kila mtu aje na vyake.

Kuna vitu nisingependa viazimwe hata kidogo. Msumeno wa mnyororo ni mmoja: kukata kwake kunategemea unolewaji, mkazo wa mnyororo na mikono iliyozoea, na makosa yake hayana dawa. Afadhali mwenye kuujua aje kukukatia. Grainda, mashine ya diski ya kukatia na kusaga chuma, naiweka mpakani. Ikiazimwa, itoke na kinga yake, mpini wa pembeni na spana yake, na miwani ya kulinda macho ndani ya sanduku hilo hilo. Kinga ikikosekana, haitoki. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine. Diski ya milimita 230 hutengenezwa kwa takriban mizunguko 6,600 kwa dakika, ilhali grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka hadi 11,000 au zaidi. Anayeng'oa kinga ili kuingiza diski kubwa kwenye mashine ndogo anajiwekea mlipuko usoni. Diski za kukatia zina pia tarehe ya mwisho, imechorwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Iliyopita tarehe, au iliyowahi kudondoka au kulowa, ivunjwe vipande ndipo itupwe, asije mwingine akaiokota na kuifunga.